Amani mpaka Zigi kwa mguu: mi nasema shukeni bondeni, kilele mwachieni mwenye haraka

Ukimwambia mtu wa Dar unaenda kutembea Usambara, moja kwa moja kichwani kwake ni Lushoto. Irente, ukingo wa jiwe, mikono imetanuliwa, picha, kwisha. Sina ugomvi na Lushoto, kuzuri, na kile kibaridi chake kitamu, ila Usambara ziko mbili jamani, katikati kuna bonde la Lwengera, na hii ya kwetu ya mashariki, ya kutokea Muheza kupanda hifadhi ya msitu wa Amani, watu wanaipita tu kwenye lami wakienda zao Tanga mjini. Na hao wachache wanaofika nao, swali la kwanza utaskia kilele kiko wapi.

Sasa kilele cha nini? Vilima vipo, Mbomole pale juu ya Amani unapanda bila shida na unaona msitu na mashamba ya chai vizuri tu, lakini milima ya huku haijajaliwa urefu, hata ile mirefu kabisa inaishia kama mita 1,500 hivi, mtu aliyezoea kuskia habari za Kilimanjaro atacheka. Utamu wa Amani uko chini. Uko kwenye makorongo, kwenye vile vijito vinavyojificha chini ya miti mpaka unaviskia dakika kumi kabla hujaviona. Kwa hiyo binamu yangu wa Dar alipokuja likizo na viatu vyake vipya anataka "kupanda mlima", nikamwambia sisi tunapanda kwa gari, tunalala, asubuhi tunashuka kwa miguu. Akaona kama namdhulumu hivi.

Tanga mpaka Muheza hakuna cha kusimulia, ni Costa na mwendo mfupi, ukifika stendi unazungukwa na machungwa. Chungwa la Muheza sina haja ya kulisifia, kama hulijui basi we umekula maji yenye sukari maisha yako yote. Pale unabadilisha gari ya Amani na hapo ndo safari inapoanza kuwa safari, kilomita kama 35 hivi, vumbi kiangazi, tope masika, dukani kwa mtu gari inasimama kushusha gunia la unga, mbele inasimama kupakia mama na kuku wake, konda anajua kila mtu kwa jina. Ukifika geti la Zigi ndo unaingia hifadhi rasmi, unashuka unajiandikisha, unapewa kontroo namba unalipa kwa simu mtandao ukiwa na hisani, halafu gari inaanza kona. Zile kona sikuelezei. Binamu alikaa dirishani upande wa bonde akawa kimya kabisa, na huyu ni mtu ambaye hajawahi kunyamaza tangu utotoni.

Juu Amani hewa inabadilika ghafla. Tulilala kwenye nyumba ya wageni, chai ya iliki na tangawizi, maharage, wali, usingizi wa mapema maana usiku wa kule hauna kazi nyingine zaidi ya kuskiliza vyura na wale pelele, pimbi wa mtini, wanaolia utafikiri mtu anachinjwa. Asubuhi ukungu umeshuka mpaka mlangoni.

Muongozaji wetu alikuwa mzee mmoja Msambaa, makamo ya baba yangu mdogo, tukampa shikamoo yake, akatujibu marahaba na akatufundisha na "onga maundo" ya kwao, na njia nzima tukawa tunamwita baba tu. Ana gambuti, panga, na mfuko wa rambo wenye mihogo ya kuchemsha. Sisi na mabegi yetu ya zipu ishirini. Kabla hatujaanza akatukagua miguuni akasema suruali iingie ndani ya soksi, siafu wa huku hawabishi hodi.

Binamu akamuuliza, "Baba, simba wapo?"

"Simba ale nini huku mwanangu, iliki?"

Basi tukaanza.

Mwanzo wa njia ni ile bustani ya Wajerumani, na hapa lazima nisimame kidogo kwa sababu watu wengi wanapita bila kuelewa wanachokiona. Mwaka 1902 Wajerumani waliweka Amani kituo cha utafiti wa kilimo na mimea, wakaleta miti kutoka kila pembe ya dunia kuijaribu ipi itawaletea hela kwenye koloni lao: mipira, kahawa, mikafuri, mikwinini ile ya kutengeneza dawa ya malaria, miti ya mbao, viungo, mianzi minene kuliko paja la mtu. Wakaja Waingereza baada ya vita vya kwanza wakaendelea, baadae utafiti wa kilimo ukahamishiwa Muguga huko Kenya, na Amani ikabaki na habari za malaria. Sasa ile miti hakuna aliyeing'oa. Imekaa palepale miaka mia na zaidi, mingine ina kibao cha jina, mingine kibao kilishaoza, na msitu wa asili umeisogelea mpaka imechanganyika. Kwa hiyo unatembea unasema daah msitu mnene huu wa tangu enzi na enzi, baba anakugeuzia shingo anakwambia hapo ulipo ni shamba la mtu, tena mzungu.

Mfano mzuri ni ule mti wanaouita Maesopsis, mrefu, umenyooka, majani mepesi. Sio wa Usambara, uliletwa tu, ukapandwa, na baadae maeneo yaliyokatwa sana mbao ukayavamia wenyewe. Na anayeusambaza ni hondohondo! Anakula tunda, anaruka, anaangusha mbegu kule anakotaka yeye, wataalamu wa misitu wameshika vichwa. Tulimuona, au niseme tulimskia kwanza, maana hondohondo akipita juu yako mabawa yake yanatoa sauti kama mtu anakung'uta shuka lililolowa, binamu akainama chini akidhani tawi linaanguka. Mi yule ndege nampenda, siwezi kumchukia kwa sababu ya ajira yake.

Ukishapita bustani njia inashuka kuelekea kijito cha Dodwe na hapo ndo msitu wenyewe unaanza. Joto linabadilika, mwanga unakuwa wa kijani, ardhi inakuwa laini ya majani yaliyooza na kila mzizi una utelezi wake. Hapa ukitembea haraka huoni kitu. Naapa. Nimeshaona vikundi vinapita mbio mbio, wanafika chini wanasema "msitu tu, hamna wanyama". Wanyama wapo ila ni wa saizi ya kidole. Baba alisimama ghafla, akaelekeza ncha ya fimbo kwenye jani kavu, tukaangalia jani, tukaangalia tena, jani likatembea. Kinyonga mdogo wa chini ya msitu, rangi ya jani kavu, umbo la jani kavu, mkia mfupi, mzima mzima hazidi kidole chako. Binamu alipiga picha thelathini na ukiziangalia leo zote ni picha za majani.

Kwenye maji yaliyotulia pembeni ya kijito kuna kereng'ende. Sasa kereng'ende wapo kila mahali najua, kwenye madimbwi ya mtaani kwetu wamejaa, ila kuna mmoja mwembamba anaitwa Amanipodagrion, jina lake lenyewe limechukuliwa hapa, anajulikana kutoka huku Usambara mashariki tu, kwenye vijito vya msituni vyenye kivuli na maji safi. Duniani kote hapa tu. Kivuli kikiondoka, tope likiingia kwenye maji, basi huyo amekwisha, hana pa kwenda. Sikumuona mi, sitaki kudanganya, ila kujua yupo mahali humo kwenye kona ya mto kunakufanya ukanyage kwa adabu.

Na sio yeye peke yake. Hii milima ni sehemu ya ile wanayoita Tao la Mashariki, mlolongo wa milima ya zamani sana unaoanzia vilima vya Taita kule Kenya unashuka Upare, Usambara, Nguru, Uluguru mpaka Udzungwa na Mahenge. Upepo wa bahari ya Hindi ukija na unyevu wake unagonga hii milima, unapanda, unapoa, mvua inashuka, Amani inapata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na mtindo huo umeendelea muda mrefu mno hata nyakati ambazo sehemu nyingine za Afrika zilikauka. Ndo maana kila bonde limetengeneza viumbe vyake, chura wa bonde hili sio wa kule. Kuna ndege mdogo anaitwa chozi wa Amani, yupo huku na kule msitu wa Arabuko Sokoke pwani ya Kenya. Kuna yale maua madogo ya zambarau yanayoota kwenye miamba yenye unyevu karibu na maji, Saintpaulia. Bwana mmoja Mjerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alikuwa mkuu wa wilaya Tanga, mwaka 1892 aliyatuma kwao Ujerumani, wakayapa jina lake, na leo yako kwenye vikopo madirishani Ulaya na Marekani nzima, mabibi wa huko wanayamwagilia kwa kijiko. Sisi tuliyakuta kwenye ubavu wa jiwe, yamejibana, hayana habari na mtu. Binamu akasema mama mwenye nyumba wake Sinza analo hilo ua sebuleni, kalinunua bei mbaya kweli. Baba akacheka mpaka akakaa chini.

Tulipopumzika tukala mihogo, na hapo ndo nikaanza kumuuliza baba maswali ya kweli, maana mi kilichonileta huku zaidi ya matembezi ni maji. Nyie wa Tanga mjini, mnajua bomba lenu linatoka wapi? Linatoka hapa. Vijito hivi vyote, Dodwe na wenzake, vinashuka vinaingia mto Zigi, Zigi unateremka mpaka bwawa la Mabayani, hapo ndo maji yanachukuliwa yanasafishwa yanakuja mjini, yanayobaki yanaenda baharini. Kwa hiyo mtu akifyeka bonde huku juu leo, mvua ikinyesha wiki ijayo, tope lake linakuja kukaa Mabayani, na gharama ya kulisafisha mwisho wa siku inaingia kwenye ankara yako wewe uliyekaa Ngamiani unalalamika maji ya rangi ya chai.

Baba yeye aliliona kwa macho. Anasema mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilivuma kuwa kuna dhahabu kwenye vijito upande wa Sakale, watu wakamiminika na makarai na sururu kutoka sehemu hata hawajui Muheza iko wapi, kingo za mito zikachimbwachimbwa, maji yakawa uji. Serikali ikaja kuwaondoa. "Walioondoka matajiri mi siwajui," anasema, "labda waliouza maandazi."

Halafu iliki. Hii inaniuma kidogo kuielezea kwa sababu sioni mbaya ndani yake. Iliki inapenda kivuli, kwa hiyo wakulima wa huku zamani walikuwa hawakati msitu wote, wanafyeka chini tu, miti mikubwa wanaiacha juu, chini wanapanda iliki. Ukiangalia kwa mbali unaona msitu mzima. Shida ni kwamba chini hapaoti mti mchanga tena, miti mizee ikianguka hakuna mrithi, na iliki yenyewe baada ya miaka kadhaa inachosha udongo inakoma kuzaa, mkulima anasogea mbele. Upande wa Derema, ambako ndo daraja la msitu linalounganisha Amani na misitu ya kaskazini, watu zaidi ya elfu moja waliondolewa kwenye mashamba yao ya iliki na kulipwa fidia ili msitu ufunge. Msitu umefaidika, hilo halina ubishi. Ila iliki ndo ilikuwa ada ya shule ya mtoto, na hela ya fidia mnaijua, ikishaingia nyumbani ina mbio kuliko sungura. Nilimuuliza baba yeye anaonaje, akakaa muda, akasema maji yamerudi kuwa safi na yeye ana mpwa wake aliyehamia Tanga mjini anaendesha bodaboda. Akaishia hapo. Nami sikuongeza neno, mtu mzima akishasema vile unamwelewa.

Watu wametafuta njia nyingine lakini. Pilipili manga, karafuu, mdalasini, hizo utaziona zimeanikwa kwenye mikeka kila kijiji. Kuna mti wa asili unaitwa msambu, unaangusha tunda kubwa kama mpira wa miguu wa watoto, mbegu zake zina mafuta mazito, watu wanaziokota na kuna kampuni za nje zinanunua, na raha yake ni kwamba ili upate mbegu lazima mti uwe hai. Na kuna vipepeo. Hii binamu hakuniamini mpaka akaonyeshwa: wanavijiji wanafuga vipepeo kwenye vibanda vya neti, wanapanda majani ambayo kila aina inakula, na walikuwa wanauza buu lililojifunga, sio kipepeo mwenyewe, linasafirishwa kwa ndege hadi Ulaya na Marekani kwenye nyumba za maonyesho, likifika linapasuka kipepeo anatoka. Kina mama walijenga nyumba za bati kwa hilo. Halafu mwaka 2016 ikaja marufuku ya kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, na kipepeo naye akahesabiwa humo humo pamoja na twiga. Mi nakubali wanyama wetu walikuwa wanaibwa, sawa, ila kumweka kipepeo wa kufugwa kapu moja na twiga, hapo mtu alisaini bila kusoma.

Tukaendelea kushuka. Sehemu ya chini bonde linabana, kuta za pande zote mbili zimejaa jiwe jeusi lenye kuvu na ndago, maji yanapiga kelele hadi mnaongea kwa mikono, njia yenyewe inavuka mto kwa mawe na sehemu nyingine kwa gogo lililoanguka ambalo limefanywa daraja. Magoti yanatetemeka hapa, kushuka sio mchezo, yule anayesema kushuka rahisi hajashuka. Kwa kupanda unachoka mapafu, ukipumzika yanarudi. Kushuka unachoka magoti na magoti hayarudi mpaka Jumanne. Mbega walikuwa juu yetu sehemu moja, wale weusi wenye mashuka meupe mgongoni, wametukalia kimya wanatutazama tunavyohangaika, familia nzima.

Joto nalo linarudi kadri unavyoshuka, unavua sweta, unavua na nyingine, miti inabadilika, unaanza kuona minazi ya hapa na pale, mafenesi, ndizi, harufu ya moshi wa kuni, na ghafla mko Zigi. Kuna nyumba ya zamani ya stesheni pale. Stesheni ya reli, ndiyo, msituni! Wajerumani walijenga tawi la reli nyembamba kutoka Tengeni kuja mpaka hapa kubeba magogo, reli yenyewe ilishang'olewa zamani, nyumba imebaki na sasa ndo kituo cha wageni. Ukikaa barazani pale unaelewa vizuri habari nzima: juu kituo cha utafiti wa miti, chini stesheni ya kubebea miti. Hawa watu hawakuja kutalii.

Tukavua viatu tukaingia mtoni. Maji ya Zigi ni baridi ya kukata kauli hata jua likiwa la saa nane, binamu alipiga ukelele watoto waliokuwa wanafua upande wa pili wakamcheka wakamwita "shangazi wa mjini". Baba alikaa kwenye jiwe akavuta sigara yake ya kwanza kutwa nzima, akasema msituni hanuki moshi, wanyama wanamjua.

Kama unataka kwenda, nenda Januari na Februari au kuanzia Juni mpaka Oktoba. Masika, yani Machi mpaka Mei, ile barabara hata bodaboda wanafunga minyororo kwenye tairi, na kwenye korongo vile vijito vinavyoonekana vya kuvuka kwa hatua tatu vinakuwa vitu vingine kabisa. Chukua muongozaji wa pale pale kijijini, njia zinagawanyika sana na simu ndani ya bonde haishiki. Beba maji ya kunywa, beba nguo ya kubadili, viatu viwe na meno, sio zile raba nyeupe za kupigia picha. Chakula Zigi kipo cha kawaida, ukikosa wali hukosi chai na maandazi.

Kitu kimoja cha mwisho kuhusu usafiri maana nitaulizwa: magari mengi yanashuka Muheza alfajiri, yanarudi juu mchana. Ukimaliza kutembea saa tisa Zigi unategemea bodaboda au gari la mtu aliyebeba chai au mbao, mnaelewana bei. Sisi tulipata pikapu ya ndizi. Binamu alikaa juu ya mikungu mpaka Muheza, na kule stendi akanunua machungwa gunia zima la kupeleka Dar, nikamuuliza utalibebaje hilo, akasema si wewe upo.